Mwaka wa kufundisha Kiswahili Marekani ukifika ukingoni: namna ya kufunga kazi na kurudi nyumbani

Kila Agosti walimu vijana wa Kiswahili kutoka Kenya na Tanzania huingia katika vyuo vikuu vya Marekani kupitia mpango wa Fulbright FLTA, ule wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni. Wanafundisha, wanasoma kozi zao mbili kila muhula, na ikifika Mei wanafungasha. Habari za kwenda zimejaa tele: mikutano ya kabla ya safari, orodha za nguo za baridi, simulizi za waliotangulia. Habari za kurudi ni haba. Mimi nilipata barua pepe moja yenye namba ya tiketi na maneno ya kunitakia safari njema.

Nilirudi Mombasa nikidhani nimemaliza kila kitu. Wiki ya tatu nikagundua kwamba dipoziti ya nyumba yangu, dola 600, ilikuwa imetumwa kwa hundi kwenye sanduku la barua la nyumba niliyohama. Nikajaribu kuingia kwenye akaunti ya benki kuangalia salio, benki ikatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini ya simu niliyoikata siku ya kuondoka. Nikabaki nimeketi barazani kwa mama, pesa ni zangu, ila kuziona siwezi wala kuzigusa siwezi.

Tangu hapo, kila mwalimu anayeniuliza habari za kurudi namwambia ajiulize swali moja kwa kila jambo lililobaki: hili linanitaka mimi mwenyewe niwepo Marekani, au naweza kulimaliza kwa simu nikiwa kwetu? Yanayotaka uwepo yafanywe kwanza, mapema, hata kama yanachosha. Yanayotaka simu tu yatasubiri, mradi simu yenyewe na namba zake za siri zimeandaliwa. Wengi wetu tunafanya kinyume. Aprili nzima inaishia kwenye zawadi, ambazo hata Nairobi zipo, halafu ofisi zinazofungwa saa kumi na moja jioni tunazikimbilia siku ya mwisho.

Nimeandika nikimfikiria mwalimu wa FLTA kwa kuwa ndiyo njia niliyopita mimi. Aliyekwenda kwa mpango mwingine wa viza ya J-1, yaani viza ya mipango ya kubadilishana, atakuta mengi yanamhusu pia.

Hatua ya 1: Zijue tarehe zako tatu (Februari)

Chukua karatasi uandike tarehe tatu. Ya kwanza ni siku ya mwisho ya kuwasilisha alama za wanafunzi. Ya pili ni siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye fomu yako ya DS-2019, ile uliyoombea viza ya J-1. Ya tatu ni siku ya tiketi. Watu huzichanganya, hasa ya pili na ya tatu.

Tarehe ya DS-2019 ndiyo inayofunga kazi yako. Baada ya hapo una siku 30 za kujiandaa na kuondoka. Ndani ya siku hizo unaruhusiwa kutembea Marekani, kumtembelea shangazi aliyeko Minneapolis, kuona bahari ya upande wa pili. Kufanya kazi huruhusiwi, hata ya siku moja, hata ya kumsaidia rafiki dukani kwake kwa malipo. Na ukitoka nje ya nchi katika siku hizo, tuseme umevuka kwenda Kanada kuona maporomoko ya Niagara kwa upande wao, kurudi kwa viza ile ile hakupo. Mwenzetu mmoja alitaka kufanya hivyo hivyo. Bahati yake aliuliza kwanza.

Tiketi yako inanunuliwa kwa fedha za serikali ya Marekani, kwa hiyo lazima ifuate sheria yao ya kutumia mashirika ya ndege ya kwao au ndege zinazouzwa chini ya namba zao. Ndiyo maana unaweza kupangiwa njia ya mzunguko wakati ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka New York hadi Nairobi unaiona kwa macho. Usijibadilishie tiketi mwenyewe kwa wakala wa mtaani. Ukitaka kuondoka mapema, au kuchelewa ndani ya zile siku 30, andika barua pepe kwa msimamizi wako wa mpango mapema, na majibu yake uyahifadhi.

Siku hiyo hiyo pita kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni. Mwambie mshauri wako wa viza ya J-1 tarehe unayotarajia kuondoka. Ukiondoka mapema mno kabla ya tarehe ya DS-2019, naye ana kumbukumbu za kurekebisha katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa mipango hii.

Hatua ya 2: Kisome kifungu cha 212(e) kabla hujaanza kuota

Fungua pasipoti, tazama viza yako. Ukiona maandishi yanayotaja kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, na kwa FLTA utayaona kwa sababu mpango unalipiwa na serikali, maana yake ni kwamba unatakiwa kukaa nchini kwako miaka miwili kabla ya kupata viza za kazi za kundi la H au L, viza ya uchumba ya kundi la K, au ukaazi wa kudumu. Aliyeshinda bahati nasibu ya grini kadi naye anabanwa na kifungu hiki.

Kisichojulikana sana ni upande wa pili: kifungu hiki hakikuzuii kurudi Marekani kusoma kwa viza ya F-1, wala kwenda kutembea. Wenzetu kadhaa wamerudi kwa shahada ya uzamili au uzamivu mwaka mmoja tu baada ya FLTA. Deni la miaka miwili linabaki pale pale likiwasubiri, halifutwi. Miaka hiyo si lazima iwe mfululizo, siku unazokaa nyumbani zinajumlishwa. Basi tunza ushahidi wa siku hizo: mihuri ya pasipoti, vipande vya tiketi za ndege, barua ya kazi. DS-2019 usiitupe maishani mwako.

Kuhusu kuomba kusamehewa kifungu hiki, utasikia kwamba ubalozi wa nchi yako ukiandika barua ya kutokuwa na pingamizi mambo yanakwisha. Kwa aliyelipiwa na serikali ya Marekani, barua hiyo kwa kawaida haitoshi. Usipange maisha yako juu yake.

Hatua ya 3: Lifunge darasa kama mwalimu, si kama msafiri (Machi na Aprili)

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo miezi tisa yako inapobaki au inapopotea.

Anza na mtihani wa mwisho wa mazungumzo. Usiuweke wiki ya mwisho kabisa. Wanafunzi wa Kimarekani wana mitihani ya kozi nne au tano wiki hiyo, na mtoto aliyekuwa akikusalimia "Shikamoo, mwalimu" kwa sauti kubwa tangu mlangoni anaweza kukaa mbele yako akasahau hata jina la mama yake kwa Kiswahili. Mimi nilifanya mazungumzo ya dakika kumi kumi, mmoja mmoja, wiki mbili kabla. Nilirekodi kwa idhini yao, nikawasikilizisha pia rekodi ya Septemba. Binti mmoja alicheka hadi machozi alipojisikia akisema "Mimi ni njaa".

Kisha andika waraka wa kukabidhi darasa. Agosti atakuja mwalimu mwingine, labda kutoka Dodoma, labda kutoka Bungoma, atakabidhiwa mwaka wa pili ambao ni wanafunzi wako, na hatakuwa na habari yoyote ila silabasi. Silabasi inasema mlichopanga kufundisha. Mwandikie mlichofundisha kweli. Waraka wangu ulikuwa kurasa tatu, na ulikuwa na mambo kama haya:

- Ngeli tulizofika, na tulizoruka. Sisi hatukufika PA-KU-MU, tuliigusa tu, kwa hiyo wanafunzi bado wanachanganya -po, -ko na -mo.
- Saa za Kiswahili. Wanaelewa kwamba saa moja asubuhi ni saa saba kwao, lakini ukiwauliza ghafla wanakosea. Inahitaji kurudiwa kila wiki.
- Nani anajifunza kwa sababu bibi yake ni wa Kigoma, nani anataka kwenda kufanya utafiti, nani alihitaji tu kozi ya lugha ya kumalizia shahada. Si kwa majina kwenye waraka unaozunguka, bali kwa maneno ya jumla.
- Meza ya Kiswahili: ilikuwa siku gani, mkahawa gani, na ukweli kwamba bila mandazi hawaji.
- Vitu vilivyoshindwa. Niliwapa shairi la kale mwezi wa pili tu, darasa zima likanyamaza. Mrithi wangu asilirudie kosa hilo.

Jambo la faragha. Sheria yao ya FERPA inalinda kumbukumbu za masomo za mwanafunzi. Usibebe nyumbani mafungu ya mitihani yenye majina na alama, wala usiweke mtandaoni picha ya darasa pamoja na karatasi zao. Yaliyosahihishwa mkabidhi msimamizi wako au uulize idara inayahifadhi vipi. Kundi la WhatsApp la kuendelea kupiga soga kwa Kiswahili ni jambo jema, lakini lianzishe baada ya alama kutoka, na aingie anayetaka.

Wanafunzi wawili watatu watakuomba barua za mapendekezo, ila hawatakuomba Mei. Watakuomba Oktoba, ukiwa umekwisha sahau nani alikaa wapi, wakiomba ufadhili wa kwenda kujifunza Kiswahili Arusha au kwingineko. Kwa hiyo, kabla hujaondoka, andika aya moja ya kumbukumbu kwa kila mwanafunzi unayedhani atakuja kuomba: alichofanya vizuri, mfano mmoja ulioushuhudia. Wape barua pepe yako ya binafsi, maana ile ya chuo itafungwa.

Hatua ya 4: Karatasi za chuo

Barua pepe ya chuo na mfumo wa kozi, iwe Canvas au mwingine, vitafungwa baada ya wewe kuondoka, na vyuo havifanani muda. Usingoje uambiwe. Pakua silabasi, mazoezi uliyotunga mwenyewe, slaidi, rekodi ulizoruhusiwa kuwa nazo, na tathmini ambazo wanafunzi waliandika kukuhusu. Hizo tathmini ni dhahabu ukiomba kazi, na watu wengi huziacha zipotee.

Omba nakala rasmi ya matokeo ya kozi ulizosoma, baada ya alama za muhula wa pili kuingia. FLTA haikupi shahada, hivyo nakala hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba ulisoma. Kabla ya kuomba, hakikisha hudaiwi: kitabu cha maktaba, faini ya maegesho ya gari la rafiki uliloendesha siku moja, ufunguo wa ofisi. Deni dogo linaweza kuzuia nakala, na kulilipa ukiwa Mombasa kwa ofisi isiyopokea simu ni kazi.

Barua ya msimamizi wako iombe Aprili, ana kwa ana, na umpe karatasi yenye mambo matano uliyofanya. Profesa ana wasaidizi na wanafunzi wengi wa kukumbuka. Usimwache aandike kwa kukisia.

Kama hujajiunga na CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, fanya hivyo kabla ya kuondoka. Utakutana humo na watu waliobaki kufundisha kule na waliorudi.

Hatua ya 5: Nyumba

Soma mkataba wa kupanga leo, si kesho. Mikataba mingi hutaka notisi ya maandishi ya siku 30 au 60, na mingine huisha Julai wakati wewe unaondoka Mei. Kama ni hivyo, tafuta mtu wa kukaa miezi iliyobaki, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Kuondoka kimya ukidhani hawatakufuata Kenya ni kumharibia mwalimu atakayekuja baada yako. Mwenye nyumba atakumbuka "yule wa Fulbright".

Dipoziti ndiyo iliyonikamata. Kila jimbo lina muda wake wa kisheria wa mwenye nyumba kuirudisha. Indiana, nilikokaa, ni siku 45, California ni siku 21, New York siku 14. Lakini Indiana mpangaji lazima atoe kwa maandishi anwani ya kutumiwa. Mimi nilimwambia kwa mdomo, tukicheka, mlangoni. Ikatumwa pale pale nilipohama, na ilinichukua miezi minne kuipata tena. Hundi ya dola ikifika Afrika Mashariki nayo ni tatizo jingine, benki nyingi hazina hamu nayo. Toa anwani ya mtu unayemwamini Marekani, au mwombe mwenye nyumba alipe moja kwa moja kwenye akaunti yako.

Siku ya kurudisha funguo, safisha. Ndani ya jiko la umeme, nyuma ya friji, bafuni. Piga picha kila chumba, na video moja ya kuzunguka nyumba nzima, kisha jitumie mwenyewe kwa barua pepe ili tarehe ionekane. Ukiweza, mwombe mwenye nyumba mkague pamoja.

Umeme na intaneti zikatishe kwa tarehe, usiache zikiendelea kwa jina lako. Rauta ya kukodi irudishe dukani kwa mkono na ushikilie risiti. Wanaidai hata baada ya miezi sita.

Vitu vya ndani: sufuria, godoro, taa. Usihangaike kuviuza vyote. Uza kile chenye bei, vilivyobaki mwachie mrithi wako. Idara yetu ilikuwa na sanduku kwenye kabati la ofisi, na ndani yake koti kubwa la baridi lililokuwa likipita mwalimu hadi mwalimu. Mimi nilipolivaa mara ya kwanza Novemba nikakuta mfukoni kikaratasi cha mtangulizi wangu: namba ya basi la kwenda duka la Wahindi wanakouza unga wa mahindi mweupe, na neno moja tu chini yake, "Pole." Nimelirudisha sandukuni na kikaratasi changu. Koti kama hilo ukilileta Mombasa litaning'inia tu nyuma ya mlango.

Hatua ya 6: Pesa, simu na kodi

Hapa swali la uwepo ni zito kuliko mahali pengine pote.

Akaunti ya benki usiifunge. Utaihitaji kwa dipoziti, kwa mshahara au posho ya mwisho, na kwa marejesho ya kodi mwaka unaofuata. Tembelea tawi uulize kama akaunti ina ada ya kila mwezi salio likishuka, ubadilishe iwe ya aina isiyo na ada, na usajili anwani ya barua unayoiamini. Kadi ya mkopo ilipe yote, kisha ifunge ukiwa bado pale.

Simu sasa. Kabla hujakata laini ya Marekani, orodhesha kila akaunti inayotumia laini hiyo kutuma namba ya kuthibitisha: benki, barua pepe, mfumo wa kodi, chuo. Hamisha kila moja kwenye programu ya uthibitishaji au kwenye barua pepe. Benki zinazokataa chochote ila laini ya Marekani zipo, na kwa hizo, unaweza kuhamishia namba yako Google Voice kwa dola 20 au kuiweka kwenye kifurushi cha bei ya chini kabisa hadi Aprili. Ijaribu kabla ya kuondoka: toka kwenye akaunti zote, ingia upya. Nusu saa hiyo ingeniokolea miezi minne. Kama simu yenyewe uliinunua kwa kampuni ya mtandao, hakikisha imefunguliwa kupokea laini yoyote, la sivyo utaifanya saa.

Upande wa nyumbani nako, muombe mtu akuangalizie laini yako ya Safaricom au Vodacom, maana laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa, na M-Pesa yako iko humo. Pesa nyingi usizitume kwa mkupuo mmoja M-Pesa, salio halizidi shilingi za Kenya 500,000. Akaunti ya dola katika benki ya nyumbani inafaa zaidi. Ukibeba taslimu zaidi ya dola 10,000, lazima uzitangaze unapotoka Marekani. Sidhani FLTA yeyote amewahi kufika huko kwa posho yetu, lakini ijue.

Kodi. Miezi yako tisa imekatika katikati ya miaka miwili ya kodi. Ile ya Agosti hadi Desemba utaiwasilisha ukiwa bado Marekani, kabla ya 15 Aprili, kwa fomu ya 1040-NR, ya wasio wakaazi, pamoja na fomu ya 8843 ya kueleza siku ulizokaa. Ile ya Januari hadi Mei inawasilishwa Aprili ya mwaka unaofuata, ukiwa nyumbani, na ndiyo inayosahaulika. Kabla ya kuondoka fanya mambo matatu. Ingia kwenye mfumo wa mishahara wa chuo ukubali kupokea kwa mtandao fomu za W-2 au 1042-S, zinazoonyesha ulicholipwa na kodi uliyokatwa, ili zisitumwe kwa posta kwenye nyumba uliyohama. Weka barua pepe ya binafsi humo. Na uhifadhi namba yako ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, mahali salama, kadi yenyewe usiitembeze kwenye pochi.

Tazama pia hati za malipo. Mwenye viza ya J-1 anayehesabiwa si mkaazi kwa kodi hakatwi Social Security wala Medicare (bima ya afya ya wazee), yaani asilimia 6.2 na asilimia 1.45. Ukiona zimekatwa, nenda ofisi ya malipo ukiwa na DS-2019 mkononi uombe kurudishiwa. Ukiwa pale dirishani wanakusikiliza. Ukiwa mbali utaishia kujaza fomu ya 843 na kungoja.

Usisahau jimbo. Mengi yana kodi yake ya mapato na fomu yake. Florida, Texas na Washington hayana.

Hatua ya 7: Afya

Bima ya ASPE, ile ya afya unayopewa na mpango, inafuata tarehe za mpango wako, si tarehe ya ndege. Jino linalouma liangaliwe Machi, tena uulize kwanza bima inalipa nini, maana kwa meno ni bahili. Kama una dawa za kudumu, omba ya kutosha pamoja na karatasi ya daktari yenye jina halisi la dawa, si la kibiashara. Chukua nakala ya kumbukumbu zako za matibabu na chanjo. Siku za kutembea baada ya mpango kuisha zinunulie bima ya safari.

Hatua ya 8: Mizigo

Mizani ya mkononi ni dola chache na ndiyo kitu cha maana kuliko vyote utakavyonunua mwezi huo. Begi moja kwa kawaida ni kilo 23, yaani pauni 50, na mwisho wa siku uzito wa FLTA ni vitabu. Posta ya Marekani ina huduma ya mfuko wa vitabu iitwayo M-bag: karatasi zilizochapwa tu, hadi pauni 66 kwa mfuko, nafuu kuliko vifurushi vya kawaida. Uliza posta kama inakwenda nchini kwako wakati huo. Vitabu vyote havina haja ya kwenda, hata hivyo. Vingine viko kwenye maktaba za kwetu.

Vyombo vya umeme viache. Marekani ni volti 120, sisi ni 230 au 240. Blenda ya Walmart ukiichomeka Kisauni itatoa moshi kabla haijatoa juisi. Kompyuta na chaja za simu nyingi zinapokea volti zote, soma maandishi madogo.

Viatu usivifunge kwa mifuko ya plastiki ya supamaketi. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 28 Agosti 2017, Tanzania tangu 1 Juni 2019. Tumia vitambaa.

Forodhani, kompyuta moja uliyoitumia na nguo zako hazina shida. Simu nne mpya ndani ya maboksi yake zinaonekana kama biashara, hata ukiapa ni za binamu. Beba risiti.

Na zawadi? Andika orodha ya watu kumi, ufunge. Wengine wote watapata chokoleti na habari. Mjomba wangu alifurahia zaidi picha ya theluji niliyomchapishia kuliko saa niliyomletea kaka yangu, na picha ile ilinigharimu senti.

Hatua ya 9: Ukishatua

Wamarekani hawagongi muhuri unapotoka. Kutoka kwako kunaandikwa kupitia orodha ya shirika la ndege. Baada ya wiki moja au mbili, ingia kwenye tovuti ya I-94, kumbukumbu ya kuingia na kutoka Marekani, uhakikishe kuondoka kwako kumeonekana, na utunze kipande cha tiketi kama kuna kosa.

Mwajiri wako aliyekupa ruhusa anangoja. Nenda na barua ya kuripoti, nakala ya cheti cha mpango, na tarehe. Usikae miezi miwili ukizunguka kwa jamaa. Mwalimu wa serikali hasa, mshahara unarudi kwa karatasi, si kwa kuonekana. Kwa Mkenya mwenye namba ya PIN, 30 Juni ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na ukitua Mei imebaki mwezi mmoja. Fanya hata kama mwaka ulikuwa sifuri.

Kingine kitakukuta bila kukuarifu. Mimi nilisimama kwenye foleni ya benki hatua mbili nyuma ya aliye mbele yangu, kwa mazoea ya kule, na watu watatu wakapita katikati kwa amani kabisa, wakidhani mimi nimesimama tu. Wa nne alikuwa mama mtu mzima. Nikasema "Shikamoo", akajibu "Marahaba mwanangu, wewe huingii?" Nikasogea.

Februari inayofuata, fungua barua pepe uliyoweka kwenye mfumo wa mishahara. Fomu ya W-2 hutolewa kufikia mwisho wa Januari, ya 1042-S kufikia katikati ya Machi. Ukishazipata, jaza 1040-NR, chapisha au wasilisha mtandaoni kupitia programu ya kodi ambayo vyuo huwapa watu wa nje, na 8843 iende pamoja nayo. Kwenye sehemu ya marejesho andika ile akaunti uliyoiacha wazi. Ikiingia, hamishia nyumbani, iache akaunti mwezi mmoja zaidi kama kuna makato ya mwisho, kisha ifunge na uombe barua ya kuthibitisha kwamba imefungwa.